Mama Moshi na Treni ya Mzee Muhidini

Mteja hamwambii fundi ukweli. Ukitaka kubisha, kaa siku moja tu kwenye kibanda cha Veneranda Kalinga pale Mwanjelwa, Mbeya, usikilize. Pasi imeyeyuka nusu, na mwenyewe anakula yamini kwamba hata hakuiwasha, aliikuta tu hivyo. Drayer ya saluni imejaa maji mpaka ukiitikisa inacheua, na mwenye saluni anasema ilijizimia yenyewe ikiwa juu ya kabati. Redio imejaa unga wa sembe. Eti chumbani kwao hawapiki. Veneranda huwaacha wamalize. Kisha hufungua kitu kwa bisibisi, huchungulia ndani kwa tochi ya simu, na kitu chenyewe humweleza yaliyotokea, kwa sababu vitu havina haya kama wenyewe.

Kwao ni Nyololo, kule Mufindi, na baba yake alikuwa mpasua mbao. Alikuja Mbeya akiwa msichana, kuosha vichwa kwenye saluni ya shangazi yake. Drayer zikawa zinakufa mfululizo, na shangazi akawa anazitupa uani huku akiwatukana waliozitengeneza. Veneranda alipochoka kuona hasara alifungua moja kwa kisu cha kumenyea viazi. Akakuta waya uliojikunja kama kachiri, umekatika mahali pamoja tu. Aliunganisha. Drayer ikapumua. Tangu siku hiyo vichwa vya watu vikawa havimvutii tena, na shangazi, ambaye hakuwa mjinga, akamtafutia meza ya kukalia sokoni.

Hicho ndicho kibanda chake mpaka leo: pasi, drayer, hita za maji, kila kitu ambacho kazi yake ni kupata moto. Mumewe, Adrian, analima mpunga Ubaruku na hurudi nyumbani na magunia na maneno ya utani. Wameelewana hivyo: yeye ashughulike na maji ya mifereji, mke ashughulike na moto.

Jina la Mama Moshi lilikuja na Mzee Muhidini.

Mzee Muhidini alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu. Baba yake naye alikuwa mtu wa reli, mchochea makaa huko Tabora enzi za treni za mvuke, na wazee wao wa pande zote mbili, wa kuumeni na kukeni, walikuwa watu wa Bagamoyo walioifuata biashara bara wakasahau kurudi. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao alimwachia Mzee zawadi: treni ndogo ya umeme ndani ya sanduku, na reli zake, mabehewa yake, na kichwa cheusi chenye bomba kinachotoa moshi kama treni ya mvuke ya kweli. Mzee aliipenda mpaka mkewe, Bi Mwanahawa, akawa anawaambia watu kwamba ameolewa uke wenza na bati.

Moshi ulipokufa mara ya kwanza, Mzee alizunguka kwa mafundi wote wa redio. Wengine walicheka. Wengine walisema "tuachie tutaangalia", na kila mtu anajua maana yake. Mwishowe akasimama mbele ya meza ya Veneranda.

"Wewe ndiye fundi wa pasi?"

"Ndiyo mimi. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuletea pasi yenye magurudumu."

Veneranda alikifungua kichwa cha treni pale pale. Ndani, chini ya bomba, palikuwa na kikombe cha bati kisichozidi kifuniko cha soda. Ndani ya kikombe, waya mwembamba kuliko unywele, umezungushiwa sufi nyeupe ya kunyonya mafuta. Pembeni, feni ya kupuliza, ndogo kama kipepeo. Basi. Unadondoshea mafuta bombani, sufi inayanywa, waya unayachemsha, feni inapuliza, moshi unatoka pu, pu, pu. Alicheka mwenyewe. Ilikuwa drayer, ila imejificha.

Mafuta maalum hayakuwepo. Akaenda duka la dawa akanunua parafini nyeupe, ile wanayopewa watu wenye choo kigumu. Sufi nayo ilikuwa imeungua. Akaomba kipande cha ile kamba nyeupe ya kuzibia mlango wa tanuri kwenye kiwanda kimoja cha mikate, maana kamba ile haiogopi moto. Alipounganisha na kuwasha, moshi mweupe ulipanda katikati ya soko, na Tupokigwe, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akapiga kelele: "Jamani, njooni mumwone Mama Moshi!" Jina likaganda.

Mzee Muhidini akawa anapita mara kwa mara, si kutengeneza, kuongea tu. Alimfundisha kuisikiliza. "Mafuta yakikaribia kuisha," alimwambia, "ile pu inakuwa nyembamba. Hapo unazima. Ukiendesha kavu umeua. Mimi hata ukinifunga kitambaa machoni nitajua." Veneranda alilishika neno hilo, akalitumia kazini.

Sifa zikafika mpaka Iringa. Kule Kihesa kuna nyumba ya masista wenye treni kama ile, nayo huzungushwa kwenye pango la Noeli, ikiwapita mamajusi na ng'ombe, watoto wa parokia wakishangilia. Mwaka mmoja moshi ulikufa, na Sista Sabina, mkuu wa nyumba ile, akaagiza fundi kutoka Mbeya. Alimpokea kwa chai ya maziwa akamwambia kwa upole mkubwa kwamba anadhani ni unyevu. Veneranda akafungua. Kikombe kilikuwa kimejaa mafuta ya alizeti yaliyogeuka gundi. Masista walikuwa wameishiwa mafuta ya moshi, wakaona alizeti nayo ni mafuta, na usiku wa Noeli kanisa zima likanuka chipsi mpaka mahubiri yakaharibika. "Unyevu, ndiyo," Veneranda alisema, akaendelea kukwangua. Hata masista! Ndipo alipoamini kwamba uongo kwa fundi hauhesabiwi dhambi.

Basi, sasa tuje kwenye mwezi wa sita, wakati baridi ya Mbeya inashuka kutoka mlima Loleza na watu sokoni wanaongea wakiwa wamejifunika vitenge mpaka puani. Bi Mwanahawa alikuja kibandani na kikapu, akakiweka mezani, akatoa kichwa cha treni kilichofungwa kwenye kanga.

"Mwanangu Vene, nisaidie. Hiki kimekufa, na Mzee anarudi Ijumaa."

Veneranda alijua habari za Mzee, nani asiyejua? Macho yake yalianza kufunga ukungu, akawa haoni sura, baadaye akawa haoni hata mlango. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akiogopa kisu, akasema atakufa na macho yake aliyozaliwa nayo. Treni aliendelea kuiendesha hivyo hivyo, kwa masikio na vidole, kila jioni. Hatimaye binti yao, Hanifa, alikuja akamchukua kumpeleka Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji. Na upasuaji umekwenda vizuri, Alhamdulillahi. Bandeji zimetolewa, anaona vidole vya daktari anavihesabu.

"Kitu cha kwanza anachotaka kukiona nyumbani ni moshi wa treni yake," Bi Mwanahawa alisema. "Kamwambia Hanifa, kamwambia daktari, kamwambia kila mtu wodini. Lakini aliondoka hapa imekufa, Vene. Na aliondoka akisema ameiua yeye."

"Kwa vipi?"

Bi Mwanahawa aliitazama kanga. "Anasema aliiendesha kavu. Hakuona mafuta. Akasema mikono ya kipofu haifai kushika chombo. Akaifunga sandukuni mwenyewe, na Mzee akifunga kitu... Nataka akifika aikute inafuka, ajue hakuua kitu."

"Itafuka, mama. Usiwe na wasi."

Alisema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu alimpenda yule mzee. Wakati wanaume wote wa soko wanamcheka mwanamke mwenye bisibisi, yeye alimwekea mezani kitu alichokipenda kuliko vyote akaenda zake msikitini bila kugeuka nyuma. Jambo kama hilo halisahauliki.

Alifungua. Waya ulikuwa umekatika, sawa. Lakini sufi haikuwa nyeusi na laini kama sufi iliyoungua kavu. Ilikuwa ngumu, ya manjano, kama imepakwa gundi. Mkono wake ulisita. Kisha akajiambia: Mzee mwenyewe ndiye kasema aliendesha kavu, na Mzee si mtu wa kusema uongo. Siku hiyo Mama Moshi alisahau kazi yake mwenyewe, akamsikiliza mtu badala ya kukisikiliza kitu. Kamba ya tanuri ilikuwa imebaki kipande kifupi, kwa hiyo sufi ya juu akabadilisha, ya chini akaiacha. Akafunga waya mpya. Ulikuwa wa mwisho kwenye kopo lake. Nyaya za namna ile hazipatikani Mbeya, na nyaya za drayer ni nene, zinaweza kuyeyusha kichwa kizima.

Akawasha. Moshi ukapanda, mweupe, mzuri. Tupokigwe akaanza kushangilia, halafu akanyamaza, akanusa.

"Mama Moshi, kwani leo una maulidi humo ndani?"

Veneranda naye aliisikia. Ilikuwa harufu aliyoijua tangu utotoni, kanisani Nyololo, padri akitikisa chetezo siku ya Pasaka na yeye akipiga chafya. Ubani. Kichwa cha treni kilikuwa kinanuka ubani! Kabla hajafikia swichi, kitu ndani kikalia tss, moshi ukakatika, na waya wake wa mwisho ukaenda na maji. Ubani uliokuwa umelala kwenye sufi ya chini ulikuwa umeyeyuka, ukapanda, ukauziba waya mpya mpaka ukajipika wenyewe.

Alikasirika, kwanza na Bi Mwanahawa, halafu na mikono yake, halafu na ulimwengu. Ijumaa ilikuwa inakuja, na waya hana.

Alifunga kibanda mapema akapanda kwenda Majengo. Bi Mwanahawa alikuwa anachambua mchele uani. Veneranda hakukaa.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuuliza kitu moja tu. Nani alitia ubani kwenye hii treni?"

Ungo ulisimama. Wako watu wakibanwa hukasirika, na wako wanaokana. Bi Mwanahawa aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaanza kulia.

"Ni mimi," alisema. "Wallahi ni mimi, mwanangu."

Na akaeleza. Nyumba ile ilikuwa na ada yake tangu kwa wazee: kila Alhamisi jioni, kuingia Ijumaa, chetezo huwashwa na nyumba hufukizwa ubani, chumba kwa chumba. Mzee alipopoteza macho, Alhamisi moja alinyoosha mkono kutafuta kikombe cha kahawa akaukuta mkaa wa chetezo. Kiganja kikaungua vibaya. Bi Mwanahawa akaapa kwamba moto wa wazi hautaingia tena ndani ya nyumba yake. Lakini Mzee akawa analalamika kama mtoto. Alhamisi hainuki Alhamisi, alisema. Ananyang'anywa macho, sasa ananyang'anywa na pua.

"Nikaona ile treni inatoa moshi bila mkaa," Bi Mwanahawa alisema. "Nikasaga ubani, nikaulainisha, nikachanganya na mafuta yake, nikamtilia. Vene, ungemwona uso! Akauliza, harufu hii yatoka wapi? Nikamwambia kwa jirani. Akasema jirani ana baraka. Basi kila Alhamisi nikawa namtilia. Mpaka siku ile ikazima. Na kabla sijafungua kinywa, yeye akasema, nimeiua, nimeiendesha kavu. Na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza, nikamwacha abebe. Kaenda kupasuliwa macho akiwa anajilaumu, na mimi namfungia nguo kwenye begi nimenyamaza."

Hasira ya Veneranda ilikuwa bado ipo, lakini sasa haikuwa na pa kukaa. Alivuta kigoda.

"Ungeniambia ulipokileta, mama. Ningesafisha yote, waya isingeungua. Sasa sina ingine."

"Najua. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kuna moja Iringa, kwa masista. Lakini ile ni ya kwao, na sitaki kuomba kitu cha watu halafu nawadanganya kwa nini nataka."

Bi Mwanahawa alijifuta macho. "Basi twende wote. Mdomo ni wangu, acha mimi niseme."

Wakaondoka alfajiri. Hakuna la kusimulia kuhusu njia ile ambalo msafiri halijui: Igawa na joto lake la ghafla, Makambako na upepo wake, kisha milima ya misonobari inaanza na dirisha linaingia ukungu. Walipopita Nyololo Veneranda alifuta kioo kwa kiganja, kama anavyofanya siku zote, ingawa hakuna wa kumpungia tena. Adrian alipiga simu kutoka Ubaruku akauliza kama ni kweli mke wake anasafiri hadi Iringa kwa ajili ya moshi. "Moshi wenyewe hata hauivishi maharage," alisema. Bi Mwanahawa akaomba simu. "Mkwe wangu," alimwambia, "wewe mshukuru Mungu kwamba mkeo anajua kufukiza."

Sista Sabina aliwapokea na chai ile ile ya maziwa. "Kamwene," alisalimia kwa Kihehe. Alikuwa amezeeka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yale yale ya mtu anayejua kwamba si unyevu. Veneranda akamtambulisha mama mwenzake, halafu akanyamaza kama walivyokubaliana.

Bi Mwanahawa alikaa wima kwenye kiti cha mbao, chini ya picha ya Bikira Maria, buibui lake limekunjwa vizuri magotini.

"Sista," alisema, "mimi si wa dini yenu, lakini nimekuja kuungama."

Akasema yote. Mkaa, kiganja, ubani, jirani asiyekuwepo, mumewe aliyebeba lawama. Alipomaliza, sista mmoja kijana aliyeleta maandazi alikuwa amesimama mlangoni na sahani amesahau kuitua.

Sista Sabina akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama yangu," alisema, "sisi tulitia alizeti."

"Alizeti?"

"Alizeti ya Singida, safi kabisa. Halafu nikamwambia huyu hapa kwamba ni unyevu." Alimgeukia Veneranda. "Ulijua, sivyo? Na hukusema."

"Nilijua, Sista."

"Miaka yote hii nimekuwa nikiona haya kila nikikuona." Aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na sanduku la treni. "Chukua waya. Chukua hata feni kama unaitaka. Noeli iko mbali, na hata usipopata mwingine, Mtoto Yesu alizaliwa bila treni. Ila nina sharti moja, Mama Mwanahawa. Ulichoniambia mimi, umwambie na mumeo."

"Nitamwambia," alisema Bi Mwanahawa. "Kwanza aone. Akishaona, nitamwambia."

Njiani kurudi hakusema sana. Alikuwa ameshikilia kile kijisanduku mapajani kama kimebeba yai, akirudiarudia kwa sauti ya chini maneno ambayo angemwambia Mzee. Hakuna mpangilio uliompendeza. Mara aanze na mkaa, mara aanze na jirani. Veneranda alimsikiliza akamhurumia. Na yeye alikuwa na lake lililomkera, dogo kama mchanga kwenye kiatu: Mzee yule anayejua sauti ya pu nyembamba, aliwezaje kuendesha kavu? Au kwa nini alisema aliendesha? Hakulisema. Aliona ya Bi Mwanahawa yanatosha kwa safari moja.

Alhamisi nzima alikaa na kile kikombe cha bati. Safari hii hakuacha kitu. Alikiloweka kwenye spiriti mpaka ubani ukalegea, akakwangua kwa sindano ya Tupokigwe, akasafisha mabawa ya feni moja moja, akaenda tena kwa watu wa mikate kuomba kamba. Aliufunga waya wa masista akiwa ameshikilia pumzi. Alipowasha, moshi ulitoka mweupe usio na harufu yoyote. Aliuacha ufuke, akazima, akawasha tena, akazima. Tupokigwe alinusa akasema maulidi yamekwisha. Veneranda akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Hayawi hayawi yakawa. Ijumaa, baada ya sala, gari lilisimama mbele ya nyumba Majengo na Hanifa akamshusha baba yake. Mzee Muhidini alikuwa amevaa miwani nyeusi na kanzu iliyokunjamana kwa safari. Alikataa kushikwa mkono. Alipanda ngazi za baraza mwenyewe, akivihesabu vidato kwa macho kama mtu anayesoma, akasimama mlangoni.

Sebuleni reli zilikuwa zimetandazwa mezani, duara zima, na kichwa cheusi kimesimama na mabehewa yake. Bi Mwanahawa alikuwa amejibanza karibu na pazia la ndani. Veneranda alikuwa kwenye transfoma inayoipa treni umeme, kidole kwenye swichi.

"Karibu nyumbani, mzee," alisema. "Nawasha."

Treni ikajongea. Bomba likakohoa mara moja, kisha moshi ukatoka: pu, pu, pu, vifungu vidogo vyeupe vikipanda kwenye mwanga wa dirisha. Mzee alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu bado, na yenye maji, lakini yalikuwa yanaona. Yaliufuata moshi kutoka bombani hadi darini, yakarudi chini, yakaufuata tena. Hanifa alikuwa analia na hakujificha. Veneranda naye.

"Mweupe," alisema Mzee. "Nilikuwa nimesahau kwamba ni mweupe hivi."

Akaketi, akavuta kiti mpaka meza ikamgusa kifua. Treni ikapita mbele yake mzunguko baada ya mzunguko. Halafu akainua kidevu, akanusa. Akanusa tena, akakunja uso.

"Mbona haunuki?"

Kule kwenye pazia, Bi Mwanahawa alikikamata kitambaa kwa mikono miwili. "Unuke nini?" aliuliza.

"Ubani. Jana ilikuwa Alhamisi, nilikuwa Dar nanusa dawa za hospitali. Nadai ubani wangu."

Treni peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea.

"Ulijua?" alisema Bi Mwanahawa.

"Mwanahawa, mimi nilikufa macho. Pua nilikuwa nayo. Jirani gani anafukiza nyumba yake na harufu inatokea mezani kwangu?"

Yale maneno yote aliyoyapanga kutoka Iringa hadi Mbeya yalimtoroka, likabaki moja. "Niliiunguza mimi," alisema. "Si wewe. Ni mimi, na nikanyamaza."

"Najua ni wewe. Mimi dereva nitaendesha kavu?"

"Sasa mbona ulisema ni wewe? Umejilaumu mpaka ukaifunga sandukuni! Umenikosesha usingizi!"

Mzee Muhidini alipangusa macho yake mapya kwa ncha ya kanzu, taratibu, kama alivyoelekezwa na daktari.

"Nilisikia ilivyozima, nikajua ubani umeziba. Nikakusikia na wewe umesimama nyuma yangu, unataka kulia. Mwanahawa, kilio cha mtu usiyemwona kinauma vibaya. Hujui hata umshike wapi. Nikaona bora niseme ni mimi, na niifunge sandukuni, fundi asije akaukuta ubani wako."

Bi Mwanahawa alijifunika uso kwa upande wa mtandio. Veneranda aliangalia pembeni, kwa sababu yako mambo ambayo hata fundi hapaswi kuchungulia. Kumbe alikuwa amesikia uongo wa watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja umetungwa kumfurahisha mwenzake, na mwingine kumfunika mwenzake.

"Njoo hapa," alisema Mzee. "Njoo kwenye mwanga. Nataka niione sura ya mwongo wangu."

Alikuja, akasimama kando ya dirisha. Mzee akamshika mikono yote miwili, mkono wake mwenyewe wenye kovu la mkaa ukiwa juu, akamtazama kwa muda mrefu bila kupepesa.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe unadhani ulibaki kijana?"

"Basi nenda kawashe chetezo. Sasa naliona kaa, sitalishika."

Lakini hakumwachia mikono aende, na yeye hakuivuta. Ile pu ilianza kuwa nyembamba. Veneranda aliisikia mara moja. Akazima transfoma polepole, treni ikasimama nusu ya duara, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitazama tena.